Bendi Ndogo na Sanduku la Fedha: Historia ya Wanafunzi Waliojirekodi Wenyewe



Gazeti hili la mkutano wetu limekwisha andika mengi juu ya timu za mpira, viranja wakuu, walimu wakali na walimu wapole. Juu ya bendi za wanafunzi limeandika machache mno. Hali ni hiyo hiyo katika historia ya muziki wa dunia nzima. Wanaoandikwa vitabuni ni wale waliouza santuri kwa mamilioni, na bendi ya vijana wanne iliyopiga mara kumi na tano kisha ikavunjika aghalabu haipati hata mstari mmoja. Hata hivyo zipo bendi za namna hiyo ambazo bado zinasikilizwa leo, miaka arobaini na zaidi baada ya kuvunjika. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kuwapendekezea wasomaji baadhi ya bendi hizo, hasa zile ambazo si wengi wanaozijua.

Kwa faida ya wasioujua muziki huu, nieleze kwanza majina yake. Panki ni muziki wa magitaa uliozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Nyimbo zake ni fupi, za kasi, na mpigaji halazimiki kuwa fundi mkubwa ndipo apande jukwaani. Emo ni tawi la panki lililochipuka Washington katika miaka ya 1980, nalo hueleza zaidi machungu na majuto ya moyo kuliko hasira ya mitaani. Bendi huru ni zile zinazotoa santuri zao bila kupitia makampuni makubwa. Mambo haya matatu yalikutana katika mji mmoja, na kwa sehemu kubwa katika shule moja ya sekondari. Ndiyo sababu nimeona yanafaa kuelezwa katika gazeti la shule.

Redio iliyofungwa

Mjini Washington, Chuo Kikuu cha Georgetown kilikuwa na kituo cha redio kilichoitwa WGTB. Kilipiga muziki ambao vituo vya biashara havikuutaka, na siasa zake ziliwakera wakuu wa chuo. Mwanzoni mwa 1979 chuo kilikifunga, na masafa yake yakapewa chuo kikuu kingine cha mji huo kwa bei ya dola 1. Vijana waliokipenda waliandaa onyesho la kukitetea, na bendi iitwayo The Cramps ikaja kupiga. Redio haikurudi. Lakini miongoni mwa waliohudhuria usiku ule alikuwamo mwanafunzi wa sekondari, Ian MacKaye, aliyekuwa hajatimiza miaka 17. Onyesho hilo lilikuwa la kwanza la panki kwake.

Wakati huo mjini humo ilikuwapo bendi ya vijana weusi wanne, Bad Brains. Walianza kwa kupiga muziki wenye asili ya jazi, wakajifunza kweli kweli, kisha wakageukia panki. Kwa kuwa walikuwa mafundi wa vyombo, walipiga kwa kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kabla yao. Baadaye waliingia katika imani ya Rasta, wakawa wanapiga panki na rege katika onyesho moja. Kumbi za Washington ziliwafungia milango, nao wakahamia New York. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1982 kwa namna ya kanda tu. Vijana weupe wa shule waliowatazama hawakujifunza kelele peke yake. Walijifunza pia kwamba mtu hufanya mazoezi kwa bidii kabla ya kupanda jukwaani.

Sanduku la fedha

Shule ninayoizungumzia iliitwa Woodrow Wilson High School. Mwaka 2022 ilibadilishwa jina ikawa Jackson-Reed, kwa heshima ya Edna Jackson, mwalimu mweusi wa kwanza mwanamke shuleni hapo, na Vincent Reed, mkuu wa kwanza mweusi wa shule hiyo. Ian MacKaye na mwenzake Jeff Nelson walisoma hapo, na mwaka 1979 waliunda bendi wakaiita The Teen Idles. Ian alipiga gitaa la besi, Jeff akapiga ngoma. Kwa muda fulani Bad Brains walitumia vyombo vya vijana hawa kufanyia mazoezi, kwa hiyo wadogo wakawa wanafundishwa na wakubwa pasipo ada.

Mwezi Agosti 1980 The Teen Idles walipanda basi kutoka Washington hadi California, safari ya kuvuka nchi nzima, ili wapige Los Angeles na San Francisco. Fedha walizolipwa huko hazikutosha hata nauli. Walichorudi nacho kilikuwa ujanja mmoja mdogo. Ukumbi wa San Francisco uliwaruhusu watoto kuingia kwa sharti la kuchorwa alama ya X mkononi kwa wino mweusi, ili muuza pombe ajue wasiopaswa kuuziwa. Waliporejea Washington waliipeleka rai hiyo kwa wenye ukumbi wa 9:30 Club, wakakubaliwa. Wanafunzi wakapata pa kuingia, na alama ile ikawa fahari yao.

Bendi ilivunjika Novemba 1980, baada ya mwaka mmoja na kitu. Sasa angalieni walichofanya. Muda wote walikuwa wakiweka malipo yao katika sanduku moja bila kugawana. Walipoachana walikaa kikao wakajiuliza: tugawane kila mtu ashike chake, ama tuzitumie kutoa santuri ya bendi ambayo haipo tena? Wakachagua santuri. Nyimbo zilikwisha rekodiwa katika nyumba ya fundi mitambo Don Zientara, aliyekuwa na studio ndogo katika chumba cha chini ya ardhi huko Arlington, ng'ambo ya mto Potomac. Skip Groff, mwenye duka la santuri mjini Rockville, aliwaelekeza namna ya kupeleka kazi kiwandani. Zikatengenezwa santuri ndogo 1,000, kila moja yenye nyimbo 8. Majalada yalichapwa bapa, na marafiki wakaketi kuyakata kwa mkasi, kuyakunja na kuyabandika kwa gundi, moja baada ya jingine.

Jina waliloipa kampuni yao lilikuwa Dischord. Santuri ya pili ilikuwa ya bendi iitwayo S.O.A., ambayo mwimbaji wake, Henry Garfield, alikuwa akifanya kazi katika duka la aiskrimu. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Henry Rollins. Fedha za santuri moja zikalipia nyingine, na kazi ikaendelea hivyo hivyo.

Utaratibu wao

Dischord haikuwahi kuwa kampuni kubwa, wala haikutaka. Ilikuwa na nia ya kuhifadhi muziki wa vijana wa Washington na viunga vyake tu. Haikuandikishana mikataba na bendi. Gharama zikisharudi, faida iligawanywa kati ya kampuni na bendi. Bei iliandikwa juu ya santuri yenyewe, ili mwenye duka asimpandishie mtoto wa shule. Naam, hesabu kama hizi zaweza kufanywa hata na mweka hazina wa chama cha wanafunzi, almuradi awe mwaminifu.

Ian na Jeff waliunda bendi ya pili, Minor Threat, iliyodumu kutoka 1980 hadi 1983. Wimbo wao mmoja wa mwaka 1981, "Straight Edge", hauchukui hata dakika nzima, lakini ulizaa mwenendo uliofika mabara mengine: vijana waliokataa pombe, sigara na madawa ya kulevya kwa hiari yao, bila kuhubiriwa na mzazi wala mwalimu. Alama ya X, iliyokuwa ya kumzuia mtoto asinywe, ikawa ya mtu asiyetaka kunywa.

Kiangazi cha 1985

Hata mambo mema huchakaa. Kufikia 1984 maonyesho ya panki mjini Washington yalikuwa yamevamiwa na wapenda ngumi. Watu walipigana mbele ya jukwaa, na wasichana wengi wakaacha kuja. Waasisi walikuwa na njia mbili, kuuacha muziki kwa wahuni au kuuanza upya. Walichagua kuuanza upya, na msimu huo wa kiangazi cha 1985 waliuita kiangazi cha mapinduzi.

Bendi iliyotangulia ni Rites of Spring. Guy Picciotto aliimba na kupiga gitaa, Eddie Janney gitaa la pili, Mike Fellows besi, Brendan Canty ngoma. Santuri yao ya 1985, iliyorekodiwa kwa Zientara na kusimamiwa na MacKaye, ina nyimbo 12. Kasi ya panki imo, lakini maneno ni ya mtu anayejichunguza: urafiki uliovunjika, muda uliopotea, aibu ya kutokuwa alivyotaka kuwa. Walipanda jukwaani kama mara 15 tu, kwani mara nyingi walivunja vyombo na kununua vingine ilikuwa kazi. Mwanzoni mwa 1986 wakaachana. MacKaye naye aliunda Embrace, bendi ya mwelekeo huo huo, nayo haikumaliza mwaka mmoja.

Waandishi waliuita muziki huo "emo". Wenyewe hawakulipenda jina hilo, na MacKaye alilikejeli jukwaani. Lakini majina huwashika watu kama majina ya utani ya bwenini, ukishapewa umepewa. Watoto waliovaa jina hilo miaka ishirini baadaye, wengi wao hawakuwa wamesikia wimbo hata mmoja wa Rites of Spring.

Katika kiangazi hicho hicho vijana hawa walikusanyika mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington na kupiga madebe, ngoma na vyuma kupinga ubaguzi wa rangi. Wasomaji wa rika langu wataelewa uzito wa jambo hilo, maana katika miaka ile Mazimbu, Morogoro, palikuwa na shule ya watoto wa ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Watoto wa Washington waliopiga madebe na watoto wa Mazimbu walioshika madaftari hawakujuana, lakini walisimama upande mmoja.

Mwaka 1987 MacKaye na rafiki zake walianzisha Fugazi, na Picciotto na Canty wakajiunga. Bendi hii ilipata sifa kubwa bila kuacha utaratibu wa zamani. Kiingilio kilikuwa kwa kawaida dola 5, na mtu wa umri wowote aliruhusiwa. Wakawa wanarekodi maonyesho yao, na tangu 2011 wametoa mamia ya rekodi hizo kwenye intaneti. Kutoka sanduku la fedha la 1980 hadi hapo, tabia ni ile ile: usiache kazi yako ipotee.

Habari zilisambaaje?

Msomaji kijana atauliza, kabla ya simu za mkononi mtoto wa Ohio au wa Leeds alijuaje kwamba Washington kuna bendi hizi? Jibu ni kwamba palikuwa na watu waliojitwika kazi ya kuwaambia wenzao. Mashabiki walitengeneza vijarida kwa taipureta, mkasi, gundi na mashine ya fotokopi, wakaandika wamesikia nini na kinapatikana kwa anwani gani. Kimoja, Maximum Rocknroll cha San Francisco, kilianza kama kipindi cha redio mwaka 1977, kikawa jarida mwaka 1982, na kilichapwa hadi 2019. Kilipokea barua na taarifa za bendi kutoka nchi nyingi. Wasomaji walipelekeana kanda kwa posta.

Huko Uingereza alikuwapo John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 kutoka 1967 hadi alipofariki 2004. Yeye alipiga santuri za bendi zisizojulikana kana kwamba ni za wafalme. Hakuwa na ubaguzi wa muziki. Bhundu Boys wa Zimbabwe walipata kwake mlango sawa na vijana wa panki wa Manchester.

Zilizochelewa kupatikana

Si kila bendi iliyobahatika kuwa na sanduku la fedha na marafiki wa kukunja majalada. Nitazitaja nne ambazo zilikaribia kupotea, nami nazipendekeza kwa moyo wote.

Ya kwanza ni Chalk Circle, bendi ya kwanza ya panki ya wasichana watupu mjini Washington. Ilianza 1981, ikavunjika 1983. Santuri yao wenyewe ilitoka 2011, yaani miaka 28 baada ya kuvunjika. Mmoja wao, Sharon Cheslow, alishiriki kutengeneza kitabu cha picha cha 1988, "Banned in DC", ambacho mpaka leo ni ushahidi mkubwa wa enzi ile. Wavulana wenzangu, tukumbuke hilo tunapoandika historia yetu na kuwasahau waliokuwa shule ya jirani.

Ya pili ni Death ya Detroit, ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney. Mwaka 1975, kabla panki haijapata jina mitaani, walirekodi nyimbo 7 za kasi na ukali. Kampuni kubwa iliwataka wabadili jina la bendi, maana nani atanunua santuri ya "Kifo"? David akakataa. Mwaka 1976 wakatoa wenyewe santuri ndogo 500, zikapita kimya. David aliwausia ndugu zake wazitunze kanda, kwa kuwa siku moja watu wangekuja kuzitafuta. Alifariki mwaka 2000 kabla ya siku hiyo. Baadaye watoza santuri waliigundua ile ndogo, wana wa Bobby wakashangaa kuambiwa na watu wa nje kwamba baba yao alikuwa mpiga panki, na mwaka 2009 santuri nzima ikatolewa. Baba hakuwa amewasimulia. Wazee, hapo pana somo letu.

Ya tatu iko karibu nasi zaidi. National Wake ilianzishwa Johannesburg mwaka 1979, ikiwa na ndugu wawili weusi, Gary na Punka Khoza, pamoja na wenzao weupe, Ivan Kadey na Steve Moni. Walichanganya panki, rege na mahadhi ya Kiafrika. Kupanda jukwaani pamoja tu kulikuwa kuikejeli sheria ya makaburu. Walitoa santuri moja, 1981, ikaondolewa madukani kwa shinikizo la serikali, na bendi ikasambaratika chini ya usumbufu wa polisi. Mwaka 2013 nyimbo zao zilitolewa upya huko Marekani.

Ya nne ni American Football, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois. Walitoa santuri moja ya emo ya upole, yenye magitaa yanayosokotana na tarumbeta, mwaka 1999, kisha wakaachana kwa kuwa masomo yamekwisha. Hawakuwa na jina kubwa. Lakini kila aliyeisikia alimpa rafiki, rafiki akampa rafiki, hata waliporudi jukwaani mwaka 2014 walikuta wasikilizaji wengi kuliko walipoachana. Nyumba iliyo kwenye jalada la santuri hiyo ilinunuliwa mwaka 2023 na bendi hiyo pamoja na kampuni yao ili isibomolewe.

Namna ya kutafuta, na pa kuanzia

Kijana anayetaka kuanza, asianze na kila kitu. Achukue Bad Brains ya 1982, asikilize ufundi. Kisha nyimbo za Minor Threat, ambazo zote pamoja hazimalizi saa moja. Halafu Rites of Spring ya 1985, asikilize akiwa peke yake, maana ni muziki wa kusikilizwa kwa makini. Amalizie na Fugazi, "Repeater" ya 1990. Akitoka hapo aingie katika zile nne za juu.

Kuhusu kutafuta, njia ya zamani bado ni bora. Soma majina madogo nyuma ya jalada: aliyerekodi, aliyepiga picha, bendi zilizoshukuriwa. Kila jina ni mlango. Ukipenda bendi moja, tafuta waliopiga nao usiku ule. Mitambo ya leo itakuletea nyimbo zinazofanana na ulizokwisha zipenda. Binadamu atakuletea usiyoitegemea, na atakueleza kwa nini. Na ukipendekeza, usitaje jina tu. Sema wimbo upi uanze nao, na utafute nini ndani yake. Jina tupu halimsaidii mtu.

Tena, kumbukumbu hazijitunzi. Maktaba ya umma ya Washington ilianzisha mwaka 2014 hifadhi maalumu ya panki, ikikusanya santuri, matangazo ya ukutani, vijarida na picha. Vitu ambavyo wazazi walitaka kuvitupa sasa vina namba za maktaba.

Nawaomba basi wanafunzi wa zamani jambo moja la vitendo. Mkija kwenye mkutano ujao, yeyote mwenye kanda, picha, tangazo la dansi la shule au daftari lenye majina ya wapigaji wa wakati wake, na aje nacho. Kanda huharibika kwa joto na unyevu, na mnajua hali ya hewa ya kwetu. Inakilini sasa kabla hazijanata. Ninyi mlioko madarasani, mkiwa na bendi, rekodini hata kwa simu. Andikeni tarehe, majina yote na nani alipiga nini, kisha mwacheni nakala moja maktaba ya shule. Msingoje mpaka muwe hodari. The Teen Idles hawakuwa hodari, na bendi yao ilikuwa imekwisha kufa walipoamua kulipia santuri yake.